Protini za damu zinazomlinda mtu, na siku zinapomgeuka

KWA miaka mingi madaktari wanaowatibu watoto katika eneo la Ziwa Victoria wamekabiliwa na kitendawili kimoja. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili hufikishwa hospitalini akiwa na malaria, viganja vimekuwa vyeupe, anapumua kwa haraka, na damu imepungua kiasi cha kuhitaji kuongezewa usiku huo huo. Lakini tone la damu yake linapowekwa chini ya darubini, vimelea vinavyoonekana huwa vichache mno kuweza kueleza hasara iliyotokea.

Hesabu hazioani. Kimelea cha malaria huiangamiza chembe nyekundu ya damu ambayo kimeingia ndani yake. Hilo halina utata. Hata hivyo, makadirio ya wataalamu yanaonyesha kuwa kwa kila chembe moja iliyoingiliwa na kimelea na kuangamia, nyingine takriban nane ambazo hazikuwa na kimelea chochote hupotea pamoja nayo. Je, ni nani anayeziua hizo nane?

Sehemu ya jibu imo katika kundi la protini ambazo ni nadra kutajwa nje ya maabara na kumbi za mihadhara. Kundi hilo huitwa komplementi. Lina protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini, na huzunguka katika damu ya kila mtu usiku na mchana zikisubiri adui. Zinapofanya kazi barabara, hakuna anayejua kuwa zipo. Zinapopungua, zinapopita kiasi au zinapolenga pasipofaa, huzaa maradhi ambayo kwa macho hayafanani hata kidogo: homa ya uti wa mgongo inayorejea, lupasi, figo kufeli, macho kupoteza nuru uzeeni, na mkojo wa rangi ya damu alfajiri.

Ugunduzi

Aliyegundua komplementi ni Jules Bordet, daktari kijana wa Ubelgiji aliyekwenda Paris mwaka wa 1894 kufanya utafiti katika Taasisi ya Pasteur. Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyepewa kinga dhidi ya kipindupindu yaweza kuiua bakteria ya ugonjwa huo ndani ya chupa ya maabara. Bordet aliyapasha moto majimaji hayo hadi nyuzi 55 za Selsiasi, na nguvu ya kuua ikatoweka. Kisha, mwaka wa 1895, akaongeza majimaji mabichi kidogo kutoka kwa mnyama ambaye hakuwa amepewa kinga yoyote. Nguvu ikarudi.

Ilibainika basi kwamba kazi ile ilifanywa na vitu viwili. Kimoja hustahimili joto na hupatikana kwa mnyama aliyekwisha kupata kinga dhidi ya adui fulani. Hicho ndicho kinachoitwa kingamwili. Cha pili huharibiwa na joto, na kimo katika damu ya kila mnyama, awe amepata kinga au la. Kingamwili humtambua adui lakini haina uwezo wa kumtoboa. Cha pili kina uwezo huo, ila aghalabu husubiri kuonyeshwa pa kupiga.

Jina la komplementi, yaani kikamilisho, lilitolewa na Paul Ehrlich wa Ujerumani miaka michache baadaye. Bordet hakulipenda, yeye aliendelea kutumia jina la zamani la aleksini, na wanasayansi hao wawili wakazozana kwa miaka mingi kuhusu jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi. Hatimaye jina la Ehrlich ndilo lililobaki vitabuni, naye Bordet akapata Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1919. Ni Bordet huyo huyo ambaye, pamoja na shemeji yake Octave Gengou, aligundua bakteria inayosababisha kifaduro, na ndiyo maana bakteria hiyo ina jina lake hadi leo.

Hata kabla ya mtu yeyote kujua komplementi imeundwa kwa nini hasa, ilikwisha kuanza kuwafaa wagonjwa. Mwaka wa 1906 August von Wassermann na wenzake huko Berlin waliitumia kuunda kipimo cha damu cha kaswende, kipimo kilichotegemewa duniani kwa miongo kadhaa. Kilikuwa na ila moja ambayo iliwasumbua sana madaktari katika nchi za joto: hakikuweza kutofautisha kaswende na buba.

Jinsi zinavyofanya kazi

Protini kuu za kundi hili hutambulishwa kwa herufi C na nambari, kuanzia C1 hadi C9. Msomaji anayetarajia mpangilio atavunjika moyo mapema, kwa kuwa baada ya C1 hufuata C4, kisha C2, ndipo C3 ije. Nambari zilitolewa kwa jinsi protini zilivyogunduliwa wala si kwa jinsi zinavyofuatana kazini, na kufikia wakati mfuatano wenyewe ulipojulikana, hakuna aliyekuwa tayari kubadilisha majina.

Zote huzunguka damuni zikiwa zimelala. Moja inapoamshwa huikata inayofuata, na kile kipande kilichokatwa hugeuka kuwa kisu cha kuikata nyingine. Kwa kuwa kisu kimoja hukata protini nyingi, cheche moja ndogo huzaa moto mkubwa kwa muda wa dakika chache tu. Hapo ndipo palipo na nguvu ya komplementi, na ndipo ilipo hatari yake pia.

Zipo njia tatu za kuwasha moto huo. Katika ya kwanza, protini ya C1q, ambayo umbo lake ni kama shada la maua sita, hunasa kwenye kingamwili ambazo zimekwisha kumshika adui. Katika ya pili, protini za jamii ya lektini hutambua aina za sukari zinazopatikana juu ya ngozi ya bakteria na kuvu, zikiwa zimepangwa kwa namna isiyopatikana juu ya chembe za binadamu. Njia hii haihitaji kingamwili, na kwa hiyo huweza kumkabili adui ambaye mwili haujawahi kukutana naye.

Njia ya tatu ndiyo ya ajabu kuliko zote, kwa kuwa haingojei ishara yoyote. Protini ya C3, ambayo ndiyo nyingi zaidi katika kundi hili, takriban gramu moja katika kila lita ya majimaji ya damu, hujifungua yenyewe polepole wakati wote. Vipande vyake hujibandika juu ya chochote kilicho karibu, kiwe cha mwenyeji au cha mgeni. Ni kama askari anayefyatua risasi kila baada ya muda akitumaini kwamba, kama kuna mwizi, atapigwa.

Aliyekuwa wa kwanza kuieleza njia hii ni Louis Pillemer wa jiji la Cleveland nchini Marekani, aliyetangaza mwaka wa 1954 kwamba amepata protini aliyoiita propadini, ambayo huwasha komplementi bila msaada wa kingamwili. Magazeti yalimshangilia, lakini wanasayansi wenzake walimpinga vikali wakidai kwamba alichoona ni kingamwili tu zilizojificha katika vipimo vyake. Alifariki mwaka wa 1957 kabla ya kuthibitishwa kwamba alikuwa sahihi. Propadini imo katika kila kitabu cha elimu ya kinga sasa.

Njia zote tatu hukutana kwenye C3. Ikikatwa, hutoa vipande viwili. Kipande kikubwa hung'ang'ania mwili wa bakteria na kuupaka alama, na chembe nyeupe za damu zenye kazi ya kumeza wavamizi huitambua alama hiyo na kumla aliyepakwa. Hii ndiyo kazi kubwa ya komplementi, japo haisifiwi sana. Kipande kidogo huelea kando na, pamoja na kingine kama hicho kinachotoka kwa C5, huita chembe nyeupe zaidi na kuifanya mishipa midogo ivuje. Mtu huona wekundu, joto na uvimbe mahali palipojeruhiwa.

Kazi ya tatu ndiyo inayopendwa na wachoraji wa vitabu vya shule. C5 ikishakatwa, kipande chake hujiunga na C6, C7 na C8, kisha protini za C9 hadi 18 hujipanga duara na kuzama katika utando wa bakteria kama pete ya kisima. Tundu linalopatikana ni dogo ajabu: milimita moja ikigawanywa mara laki moja, kipande kimoja ndicho upana wake. Lakini linatosha. Maji huingia kwa nguvu, na bakteria hupasuka. Bakteria zenye ukuta mnene hazitoboki kwa njia hii, ndiyo maana kazi ya kupaka alama haiwezi kuachwa.

Walinzi wa chembe

Swali linalofuata ni la lazima. Ikiwa C3 hujibandika popote, kwa nini haimalizi mwili wenyewe? Jibu ni kwamba kila chembe ya binadamu hutembea na walinzi wake. Juu ya chembe nyekundu kuna protini iitwayo CD55, ambayo huvunja visu vya komplementi kabla havijakata zaidi, na nyingine, CD59, ambayo huzuia C9 zisijipange kuwa tundu. Kuna pia CR1, ambayo huzima C3 na vilevile hubeba mabaki ya vita, yaani mafungu ya kingamwili na vipande vya maadui, hadi kwenye ini na wengu yakasafishwe. Katika majimaji ya damu yenyewe kuna faktori H, ambayo hupita ikikagua na kuzima moto uliowashwa juu ya chembe za mwenyeji. Bakteria nyingi hazina walinzi kama hawa, kwa hiyo huungua.

Hapa ndipo kile kitendawili cha watoto wa malaria kinapoanza kufumbuka.

Mwaka wa 2000 watafiti waliokuwa wakifanya kazi magharibi mwa Kenya walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto waliolazwa hospitalini kwa upungufu mkali wa damu uliotokana na malaria. Waliipima sura ya chembe nyekundu za watoto hao na kuilinganisha na ya watoto wengine. Chembe za wagonjwa zilikuwa na CR1 na CD55 chache kuliko kawaida, huku zikiwa na kingamwili nyingi zaidi zilizobandikwa juu yake. Kwa maneno mengine, zilikuwa zimepoteza walinzi na kupakwa alama ya adui kwa wakati mmoja. Katika maabara, chembe za namna hiyo zilimezwa upesi zaidi na chembe nyeupe.

Kilichoziponza si kimelea kuziingia, bali ni vita vilivyopiganwa karibu nazo. Malaria hujaza damu mabaki ya kimelea na kingamwili zilizoyashika; CR1 huyabeba hadi kwenye wengu kama ilivyo desturi; na kila safari chembe inapopokonywa mzigo huo, baadhi ya CR1 hukatika na kubaki huko. Chembe hurudi safarini ikiwa na walinzi wachache. Baada ya safari nyingi huwa haina wa kuitetea, na mwili wenyewe huila.

Utafiti mwingine wa eneo hilo hilo, uliotolewa mwaka wa 2004, uliongeza jambo ambalo kila mzazi wa huko angependa kulijua: CR1 na CD55 juu ya chembe nyekundu huwa chache utotoni, kisha huongezeka kadiri mtoto anavyokua. Hilo linaelekea kueleza kwa nini upungufu mkali wa damu huwaandama zaidi watoto wa chini ya miaka miwili, ilhali malaria inayopanda kichwani na kumfanya mtoto azimie huwapata zaidi waliopita umri huo.

Mambo hayakuishia hapo. CR1, pamoja na wema wake wote, ni mlango pia. Kimelea cha malaria kimejifunza kuishika na kuitumia kuingia ndani ya chembe. Vilevile, chembe iliyoingiliwa huweza kuishika CR1 ya chembe za jirani na kuzivuta zikaizunguka mithili ya petali za ua, na vishada hivyo huziba mishipa midogo ya damu, ikiwemo ya ubongo.

Katika jamii za Kiafrika CR1 ina sura mbili za kurithi ambazo ni adimu miongoni mwa Wazungu. Zinaitwa Sl2 na McCb, na kuenea kwake barani humu kwa muda mrefu kuliwafanya wanasayansi washuku kwamba malaria ndiyo iliyozipendelea. Tafiti zilipofanywa, hata hivyo, zilipingana. Mwaka wa 2018 kundi lililotumia takwimu za watoto wengi waliougua malaria kali huko Kilifi lilitoa maelezo. Watoto wenye Sl2 walikuwa na uwezekano mdogo sana wa kupata malaria ya ubongo na wa kufa. Wenye McCb walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata malaria ya ubongo. Fauka ya hayo, kinga ya Sl2 ilionekana wazi zaidi kwa watoto wasio na thalasemia ya alfa, hitilafu ndogo ya damu ambayo ni ya kawaida sana Pwani na ambayo yenyewe hukinga dhidi ya malaria kali. Kinga mbili zilizokutana katika mtoto mmoja hazikujumlishika. Aliyezitafiti moja moja bila shaka angepata majibu yanayogongana.

Zinapokosekana

Wapo watu wachache wanaozaliwa bila protini moja au nyingine ya kundi hili, na hao ndio waliowafunza wanasayansi mengi kuliko chupa zote za maabara. Anayekosa C3 huandamwa na nimonia na maambukizi ya usaha tangu utotoni. Anayekosa mojawapo ya zile za mwisho, kuanzia C5 hadi C9, huishi vizuri kabisa isipokuwa kwa jambo moja: hana silaha dhidi ya meningokoki, bakteria inayosababisha homa ya uti wa mgongo. Yaonekana bakteria hiyo huogopa kile kisima cha C9 kuliko kitu kingine chochote. Hatari ya mtu huyo kuugua ni maelfu ya mara zaidi ya ile ya jirani yake, na akipona huweza kuugua tena.

Hili si suala la mbali kwa Wakenya. Nairobi ilikumbwa na mkurupuko wa homa hiyo mwaka wa 1989, na sehemu za nchi zimo pembezoni mwa ule ukanda wa homa ya uti wa mgongo unaotoka Senegal hadi Ethiopia. Mikurupuko mikubwa, kwa kweli, huwapata watu wenye komplementi kamili, na dawa yake ni chanjo. Ile ya aina ya A iliyoanza kutolewa Burkina Faso mwaka wa 2010 imekaribia kuiondoa aina hiyo katika ukanda mzima. Lakini mtu anayeugua meningokoki mara ya pili maishani, au anayetoka katika familia ambapo ndugu wawili wameugua nyakati tofauti, anastahili kupimwa komplementi. Kipimo hicho si ghali kama matibabu ya mtu aliyepoteza uwezo wa kusikia au kiungo kwa sababu ya homa hiyo.

Ukosefu wa protini za mwanzo una sura nyingine ambayo haikutarajiwa. Karibu wote wanaozaliwa bila C1q hupata lupasi, ugonjwa ambamo kinga hushambulia ngozi, viungo na figo za mwenyewe. Mtu angetarajia kinyume, kwamba pasipo komplementi pangekuwa na mashambulizi machache. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba C1q ina kazi ya ufagizi: huonyesha chembe za mwili zilizokufa ili zizolewe. Zisipozolewa huoza damuni, yaliyokuwa ndani yake hutoka nje, na kinga huyachukulia kuwa ni ya mgeni. Kwa wagonjwa wengi wa lupasi, ambao hawakuzaliwa na upungufu wowote, mambo huenda kwa njia nyingine: kingamwili zao huiwasha komplementi mfululizo hadi ikapungua. Kwa sababu hiyo madaktari hupima C3 na C4 kila baada ya muda, na viwango vikianza kushuka hujua kwamba figo zimo hatarini hata kabla mgonjwa hajahisi lolote.

Maadui nao hawakulala. Meningokoki iliyotajwa hapo juu huvaa protini inayonasa faktori H ya binadamu, na hivyo hupita damuni ikiwa imevaa sare ya mwenyeji. Wanasayansi waliigeuza hila hiyo kuwa shabaha: chanjo mbili dhidi ya aina ya B, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka wa 2013 na nyingine Marekani mwaka wa 2014, zimetengenezwa kwa kutumia protini hiyo hiyo. Naye papasi, yule mdudu wa nyufa za nyumba za udongo ambaye huwauma watu usingizini na kuwaambukiza homa ya papasi, hudunga mate yenye protini inayoizima C5 ili aweze kunyonya bila kusumbuliwa. Protini hiyo ilielezwa mwaka wa 2005, na imewahi kufanyiwa majaribio kama dawa kwa binadamu. Si mara nyingi ambapo papasi hupata sifa.

Dawa na bei yake

Wazo la kuizima C5 kwa makusudi lilitokana na ugonjwa adimu ambao huwafanya wagonjwa wakojoe mkojo mweusi wanapoamka. Katika ugonjwa huo, chembe moja mama katika uboho hupata hitilafu ya jeni baada ya mtu kuzaliwa, na wote wanaozaliwa nayo hukosa nanga ya kushikilia CD55 na CD59. Ni chembe nyekundu zisizo na walinzi, na komplementi huzitoboa usiku na mchana. Damu hupungua, tumbo huuma, na mbaya zaidi, damu huganda ndani ya mishipa ya ini au ya ubongo. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka wa 1995 ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa walifariki ndani ya takriban miaka 10 tangu kutambuliwa kwa ugonjwa.

Mnamo Machi 2007 Marekani iliidhinisha eculizumab, kingamwili ya kutengenezwa ambayo huishika C5 isikatwe. Hutolewa kwa njia ya mshipa kila baada ya wiki mbili, na iliyabadilisha maisha ya wagonjwa hao kwa namna ambayo ni nadra kuonekana katika tiba. Baadaye iliidhinishwa kwa aina ya ugonjwa wa figo unaotokana na hitilafu za faktori H. Lakini anayeitumia hujifanya kuwa kama aliyezaliwa bila C5: lazima achanjwe dhidi ya meningokoki kabla ya kuanza, na hata akishachanjwa, homa yoyote ni sababu ya kukimbilia hospitali usiku huo huo.

Bei yake ilivuka dola 400,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, ambazo ni zaidi ya Sh50 milioni. Kwa mgonjwa wa Kenya, na kwa wengi wa Afrika, hiyo si bei ya dawa. Ni njia ya kusema kwamba dawa haipo. Kinachobaki kwake ni kuongezewa damu, dawa za kuzuia damu kuganda na, kwa wachache wenye ndugu anayelingana nao na fedha za safari, kupandikizwa uboho. Nakala za bei nafuu kiasi za eculizumab zilianza kuidhinishwa Ulaya mwaka wa 2023 na Marekani mwaka uliofuata. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha pia tembe ya kwanza ya kumeza kwa ugonjwa huo, iptacopan, ambayo huizuia ile njia ya tatu, njia ya Pillemer. Tembe haihitaji kitanda cha hospitali, na hilo lina maana kubwa kwa anayeishi mbali na mji, ila bei yake nayo bado ni ya matajiri.

Mwaka wa 2005 iligunduliwa pia kwamba sura fulani ya faktori H huongeza sana hatari ya wazee kupoteza nuru ya kati ya jicho. Dawa mbili za kudungwa jichoni, zinazozuia C3 au C5, ziliidhinishwa Marekani mwaka wa 2023. Hupunguza kasi ya uharibifu tu wala hazirudishi kilichopotea, na ya kwanza ilikataliwa Ulaya.

Kipimo kinachomhusu mzazi wa kawaida zaidi ni cha bei ya chini mno kuliko hizo. Mtoto aliyeugua koo, au aliyekuwa na upele uliooza, huweza baada ya wiki mbili au tatu kuamka akiwa amevimba macho, na mkojo wake ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Hizo ni figo zinazolalamika. Kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya bakteria za koo au ngozi zimekwama ndani yake na kuiwasha komplementi. Akipimwa damu, C3 hupatikana ikiwa imeshuka ilhali C4 mara nyingi iko sawa, na picha hiyo humsaidia daktari kuutofautisha ugonjwa huu na lupasi, ambayo kwa kawaida huzishusha zote mbili. Damu hiyo yafaa itenganishwe na kuwekwa kwenye baridi mapema, kwa kuwa komplementi, kama alivyoona Bordet, haistahimili joto.

Watoto wengi hupona bila tiba kubwa zaidi ya kupunguziwa chumvi na maji, na kupewa dawa za shinikizo la damu na za kuua bakteria. C3 hurudi katika kiwango chake ndani ya wiki sita hadi nane. Kosa linalotokea ni wazazi kutorudi kliniki kwa kipimo cha pili kwa kuwa uvimbe umekwisha na mtoto anacheza. Iwapo baada ya wiki nane C3 bado iko chini, ugonjwa si ule uliodhaniwa, na daktari hulazimika kuchukua kipande kidogo cha figo ili kuutafuta mwingine.